Tamthilia Nne, Nafasi Mbili: Ipi Tuipe Jukwaa Msimu Huu?

Kikundi cha maigizo cha chuo chetu hapa Mwanza kimepewa nafasi mbili za kuonyesha katika mwaka huu wa masomo: ya kwanza ni mwishoni mwa Januari, ndani ya ukumbi, na ya pili ni katikati ya Juni, mahali popote tutakapoona panafaa. Baada ya vikao viwili, majina yaliyobaki ni manne: Kinjeketile na Mashetani, zote za Ebrahim Hussein, Nguzo Mama ya Penina Muhando, na Juliasi Kaizari, ambayo ni tamthilia ya Shakespeare kama alivyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Kura itapigwa Jumamosi ijayo. Kwa kuwa nimesimamia jukwaa kwa misimu mitatu na sina mpango wa kuomba nafasi ya kuigiza, nimetakiwa nizilinganishe kwa maandishi, ili wanachama wapya wasichague kwa kufuata jina walilolisikia sekondari. Ninakubali kuifanya kazi hiyo, lakini sitajifanya sina upande.

Kipimo changu cha kwanza sikukitoa vitabuni. Mtu anayetoka nje ya mji wakati wa mavuno, akakuta mashindano ya ngoma ya Wasukuma, anaujua utaratibu wake: chama cha ngoma cha Bagika kinacheza upande huu na kile cha Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na watazamaji huhama kwa miguu yao wenyewe kufuata kunakovutia, hata jioni ikifika upande mmoja una umati na upande wa pili umebakiwa na ndugu na wakwe wa wachezaji. Kutazama kwenyewe ndiko kuamua. Hadhira yetu, ukiacha wanafunzi waliotoka mikoa ya mbali, imelelewa na wazazi na mabibi waliozoea kuhukumu hivyo, nasi tukiigiza nje hatuna hata mlango wa kumfanya mtu aone haya kuondoka. Kwa hiyo, kila tamthilia ninaiuliza swali moja: mtu aliyesimama nyuma kabisa, ambaye sentensi mbili tatu zimempita kwa sababu ya mlio wa bodaboda, ana sababu gani ya kubaki?

Kipimo cha pili ni paa. Ukumbi wetu umeezekwa kwa mabati na hauna dari, na kila aliyekuwamo katika onyesho letu la Novemba, mwaka juzi, anakumbuka jinsi mvua ya vuli ilivyoshuka katikati ya sehemu ya pili, waigizaji wakapaza sauti kwa muda wa kama dakika kumi, kisha mmoja wao akakata tamaa akakaa chini jukwaani kungoja. Mwongozaji alituomba tusilitaje tena jambo hilo. Ninalitaja kwa sababu linahusu kura. Januari iko kati ya vuli na masika, na ingawa mvua haikatiki kabisa kandokando ya ziwa, hupungua kiasi cha kumruhusu mtu kunong'ona jukwaani akasikika. Juni ni kiangazi, na hapo paa halihitajiki.

Kipimo cha tatu ni watu tulio nao. Waliobaki kutoka mwaka jana ni wachache lakini wamekwisha kuiva, ilhali wanaojiunga sasa ni wengi, hawajawahi kusimama mbele ya watu, na zaidi ya nusu yao ni wanawake. Tamthilia itakayowaacha watu hao wakishona maleba na kukusanya viingilio msimu mzima itatupunguzia kikundi, kwa maana watakwenda kwenye kwaya, ambako wanaimba tangu siku ya kwanza.

Nianze na ile ninayoipenda kuisoma, na ambayo nisingependa tuiigize. Mwalimu alichapisha tafsiri yake ya kwanza ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha, na toleo jipya likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Kwa watu wa ukanda huu wa ziwa, ambao Butiama wanaihesabu kuwa ni kwa jirani, heshima ya kitabu hicho haina mjadala, nami ninaelewa kwa nini wanachama watatu waliotoka Mara walikitetea kwa nguvu katika kikao cha kwanza. Hata hivyo, Kiswahili chake ni cha mistari ya kishairi isiyo na vina, ambayo mpangilio wake wa maneno unamtaka mwigizaji ajue hasa mahali pa kuvuta pumzi. Akikosea, msikilizaji hupoteza mwanzo wa sentensi kabla mwisho haujamfikia. Msomaji anaweza kurudi nyuma. Aliyesimama karibu na bodaboda hawezi.

Ni kweli kwamba ndani yake mna onyesho moja linaloweza kushindana na ngoma yoyote, nalo ni la mazishi: Brutus anauridhisha umati kwamba mauaji yalikuwa ya haki, kisha Mark Antony anapanda mahali palepale na, bila kumtukana mtu, anaugeuza umati huohuo mpaka ukaondoka kwenda kuchoma nyumba. Tungewatawanya waigizaji ishirini ndani ya hadhira wakawa wanaitikia na kupinga kutoka huko, na ninaamini wapo watazamaji ambao wangeitikia pamoja nao bila kufundishwa. Taabu ni njia ya kufika hapo na njia ya kutoka hapo. Kabla yake kuna usiku mrefu wa watu wawili wawili wakishawishiana faraghani. Baada yake, Kaizari akiwa amekwisha kufa katika sehemu ya tatu kati ya tano, kuna mahema, majeshi na ugomvi wa Brutus na Cassius, ambao ni mzuri kwa mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mgongo. Majina ya wanawake ni mawili tu, Calpurnia na Portia. Tunaweza kuwapa wanawake nafasi za wala njama, na hilo lisingenisumbua hata kidogo, lakini bado wote wangevaa mashuka meupe yanayofanana, na hadhira ingetumia saa nzima kutafuta nani ni nani. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya tatu peke yake isomwe kwa sauti jioni moja maktaba, bila maleba na bila kiingilio, na wale watatu wa Mara ndio wapewe kazi ya kuisoma.

Zinabaki tatu, na hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu.

Ni jambo la kupendeza kwamba mbili kati ya hizo zimeandikwa na mtu mmoja katika kipindi kifupi, Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971, na bado zinadai vitu vinavyopingana. Katika Kinjeketile, kupandwa na pepo ni jambo la hadhara: kijiji kizima kinashuhudia, kinabishana, kinaamini, na imani hiyo inakuwa jeshi. Katika Mashetani, shetani anaanza kama mchezo wa vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, ambao wanapeana nafasi za shetani na binadamu, kisha mchezo unamganda mmoja wao hadi ukawa ugonjwa ndani ya nyumba yenye baba, mama na daktari wa kuitwa. Ya kwanza inahitaji umati jukwaani na haiogopi umati mbele ya jukwaa. Ya pili inahitaji ukimya, na ukimya huo lazima uwe wa pande zote mbili.

Wanaoipinga Mashetani wanasema ni ngumu, na wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu mafumbo yake hayafunguki yote kwa kusikiliza mara moja. Lakini ninadhani wanakosea kuhusu hadhira ya chuo. Chini ya mafumbo hayo liko jambo ambalo kila mwanafunzi analijua mwilini: urafiki wa watu wawili ambao hali zao za nyumbani zinakwenda njia tofauti, familia ya mmoja ikipanda baada ya Uhuru na ya mwingine ikiwa imeshuka na kubaki na kumbukumbu ya ilivyokuwa. Aliyewahi kukaa chumba kimoja na mwenzake, bumu la mwenzake, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likatoka na lake likachelewa, akala chakula cha mwenzake kwa wiki tatu huku akicheka vichekesho ambavyo havikumchekesha, hatahitaji kuelezwa ni kwa nini Juma na Kitaru wanatazamana vile. Mafumbo yaliyosalia atayajadili njiani kurudi bwenini, na sioni aibu yoyote ya tamthilia katika hilo.

Kwa upande wa vitendo, Mashetani ndiyo nyepesi kuliko zote tatu. Wahusika ni wachache, mapambo ya jukwaa yanaweza kuwa mti mmoja na viti, na uzito wote unawaangukia waigizaji wawili ambao lazima wawe tayari kufanya mazoezi kila siku tangu chuo kinapofunguliwa. Wazoefu hao tunao, na tunawajua kwa majina. Umeme ukikatika, tamthilia haifi, ila hapa nina onyo: pendekezo la kutumia karabai kama za wavuvi wa dagaa lilipokewa kwa shangwe katika kikao, na ni kweli kwamba mwanga wake unapendeza usoni, lakini karabai huvuma, na mvumo wa karabai nne katika ukumbi wetu utameza kila neno linalosemwa kwa sauti ya chini. Taa za kuchaji zinatosha. Karabai zihifadhiwe kwa ajili ya Juni.

Sasa Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, na ambayo nilibadilisha mawazo juu yake mara mbili nilipokuwa ninaandika ulinganisho huu. Hadithi inaelezeka kwa pumzi moja: katika kijiji cha Patata kuna nguzo inayotakiwa kusimamishwa, kazi hiyo ni ya wanawake, nao ni Bi Moja, Bi Pili na kuendelea hadi Bi Nane, na kila wanapokusanya nguvu, mmoja wao anavutwa na dhiki ya nyumbani kwake, nguvu zinapungua, na nguzo haisimami. Kwa kipimo cha miguu, sijui tamthilia nyingine ya Kiswahili inayomweleza mtu aliye nyuma kabisa jambo lote bila yeye kusikia neno. Anaona gogo liko chini. Anaona wanawake wanalishika. Anataka kujua kama litasimama, na atabaki mpaka ajue. Ongeza ngoma na nyimbo, na hata mvua juu ya mabati haitatushinda. Wale akina mama wa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, ambao kila siku wanapokea dagaa, wanawaanua, wanapatana bei na madalali huku mtoto akilia mgongoni, wangeitazama kama wanaotazama wiki yao iliyopita.

Na nafasi za wanawake zimejaa. Kama kura ingekuwa ya kuangalia tulio nao tu, ningesimamia hapa.

Udhaifu wake nauona katika mpangilio. Kwa sababu kila mama ana kisa chake, visa vinakuja vikiwa vimepanga foleni, na hadhira ikishaushika utaratibu wa foleni hiyo huanza kuhesabu waliobaki. Bi Sita akianza kueleza yake, tayari kuna watu wanaoangalia simu. Mwongozaji mwenye mkono mwepesi anaweza kuvipitisha kwa haraka, kuvikata kwa wimbo, na kutowaruhusu waigizaji kulia kila mmoja kwa zamu yake. Sisi hatuna mwongozaji wa namna hiyo mwaka huu. Tunaye mzuri sana ambaye anapenda mitulio. Kisha kuna nguzo yenyewe, ambayo haikujadiliwa kikaoni hata kidogo. Ikiwa nyepesi, ya boksi na gundi, watu watacheka pale inapoanguka. Ikiwa ya mti wa kweli, wenye uzito wa kuwafanya watu wanane waonekane wanashindwa kwelikweli, basi siku moja ya mazoezi itamwangukia mtu mguuni. Mafundi wa mitumbwi wanaweza kututengenezea gogo lililochimbwa ndani likabaki na uzito wa wastani, lakini bei yake sijaiuliza.

Kinjeketile, kwa mtazamo wa harakaharaka, ingeonekana ni ya mbali na sisi. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilikuwa vya kusini, Rufiji, Umatumbi na Ungoni, na huku ziwani havikufika. Nilikuwa nikiamini hivyo mpaka nilipousoma tena mwanzo wake, ambapo wanawake wawili, mke wa Kitunda na mke wa Kinjeketile, wanazungumza juu ya njaa wakati wanaume wanalazimishwa kufanya kazi katika shamba la Bwana Kinoo na mashamba yao wenyewe yanaota magugu. Pamba ndiyo iliyowasha moto ule: Wajerumani waliwalazimisha watu kuilima kwa ajili ya wengine. Usukumani pamba haihitaji maelezo. Wapo katika hadhira yetu waliosomeshwa kwa fedha ya pamba, na wapo ambao baba zao waliiuza wakangoja malipo msimu mzima. Mji huu nao ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, na jiwe letu mashuhuri bado linaitwa kwa jina la Bismarck. Mjerumani wa jukwaani hatahitaji kutambulishwa.

Kuna jambo ambalo lazima wapiga kura walijue, ili asiwepo atakayekuja kutulaumu kwamba tumepotosha historia. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kinjeketile wa Hussein ni mtu wa kubuniwa aliyepewa jina hilo, na anaishi muda wa kutosha kuona neno lake likichukuliwa na watu wengine na kupelekwa asikotaka. Maji, ile dawa aliyowapa wapiganaji, yamewaunganisha makabila yaliyokuwa yakitegeana. Ya kwamba yatazuia risasi, hana hakika tena. Na mwisho, akiwa gerezani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu akisema hivyo watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Sijui swali lingine katika tamthilia zote nne ambalo wanafunzi wangebishana juu yake kwa muda mrefu zaidi, na wala halihitaji mtu awe ameshika kila sentensi.

Kwa hiyo, kwa Juni, mashindano ya kweli ni kati ya Kinjeketile na Nguzo Mama, nayo ni ya karibu sana. Nguzo Mama inashinda kwa picha na kwa nafasi za wanawake. Kinjeketile inashinda kwa mwendo, kwa sababu inapanda kutoka njaa hadi pepo, kutoka pepo hadi jeshi, kutoka jeshi hadi gereza, na hakuna mahali pa hadhira kuhesabu waliobaki. Inashinda pia kwa jinsi inavyowapokea wageni: umati wa kijiji unaweza kuwa na watu thelathini wasiojua kuigiza, mradi wanajua kuimba na kwenda kwa mdundo, na nusu yake au zaidi wakiwa wanawake hakuna kinachoharibika. Wanachama wapya wangeanza mazoezi ya nyimbo mwezi Machi, mvua ikinyesha, na kufika Juni wangekuwa wameshaacha kutazama miguu yao. Mwongozaji wetu naye angepata mitulio yake yote anayoitaka gerezani, mahali ambapo inastahili.

Kura yangu, basi, ni Mashetani kwa Januari, ikibebwa na wazoefu wachache ndani ya ukumbi mkavu, na Kinjeketile kwa Juni, nje, kwenye uwanda ule ulio kati ya majabali na maji, jua likianza kuteremka. Ruhusa ya wenye haki za maandishi iombwe kabla ya mazoezi. Tarehe ya Juni isiangukie wiki ya sherehe za Bulabo kule Bujora, kwa sababu hapo tutakuwa tunashindana na Bagika na Bagalu wenyewe, na matokeo ninayajua tayari. Taa zisiwashwe mpaka zinapohitajika kabisa, kwani wadudu wa ziwani huzifuata kwa maelfu, na mwigizaji aliyefungua kinywa karibu na taa usiku wa utulivu ananielewa.

Liko jambo moja la mwisho, ambalo limekwisha kuleta ubishi. Kwa kuwa ziwa liko hapohapo, wapo wanaotaka Kinjeketile aingie majini kwelikweli pale pepo anapomvuta, watu wakidhani amekufa, kisha atoke. Ninapinga. Ufuoni kuna kichocho, na kikundi hakina bajeti ya kumtibu mhusika mkuu. Tuazime wavu wa dagaa uliochakaa, ushikwe pembeni na wanawake ishirini, upandishwe na kushushwa kama maji, naye azame ndani yake na kupotea machoni pa watu kwa muda wa wimbo mzima. Kutoka nyuma kabisa utaonekana. Ila uoshwe kwanza, uanikwe siku mbili, kwa sababu mwaka jana tuliazima turubai pale mwaloni bila kuliosha, na paka walikuja kutazama onyesho kabla ya watu.